Hotuba juu ya Stenti za Moyo na Damu Inayoganda Ndani Yake

(Iliyosomwa mbele ya wanachama huko Port Reitz, Changamwe)



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo miaka ya nyuma halikuwa likitajwa katika mikutano ya wafanyakazi. Maneno yetu yalikuwa mishahara, saa za kazi, nyumba na posho. Mambo hayo yangalipo, wala hatuyaachi. Lakini siku hizi wako wenzetu gatini, katika karakana na nyuma ya usukani wa trela, ambao wametiwa chuma kidogo ndani ya mshipa wa moyo. Chuma hicho chaitwa stenti. Baadhi yenu mwawajua watu hao, na baadhi yenu mliokaa hapa ndio wao. Habari ya leo ni kwamba ndani ya chuma hicho damu yaweza kuganda, na ikiganda mtu aweza kufa kabla gari halijafika Makupa. Habari ya pili, na hiyo ndiyo iliyotufanya tukubali kusimama hapa, ni kwamba sababu iliyo kubwa ya kuganda huko yaweza kuzuiliwa. Kuizuia si kazi ya daktari peke yake. Ni kazi ya mgonjwa, na ya watu wa nyumbani kwake, na ya tajiri wake, na ya Chama chake.

Sisi si madaktari. Tumeyakusanya haya kwa kusoma na kwa kuwauliza wanaojua. Palipo na neno la kuanza dawa au kuacha dawa, asikilizwe daktari wako, si sisi.

Tuanze na moyo wenyewe. Moyo ni pampu, na pampu hii ina mishipa yake ya kuilisha, iliyoshikamana nayo kwa nje. Si mishipa mikubwa. Ule ulio mpana una milimeta tatu au nne tu, maana yake ni mwembamba kuliko mrija wa kunywea soda. Mtu akivuta sigara, au akiwa na sukari, au presha, au mafuta mengi katika damu, kuta za mishipa hiyo huota uvimbe wa mafuta polepole, kwa miaka mingi, bila ya maumivu yoyote. Msidhani kwamba haya ni maradhi ya watu wa maofisini. Uchunguzi wa Serikali ya Kenya wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wanajua.

Wazee wa hapa wakumbuka tuta la Makupa lilivyokaa miaka na miaka likiyazuia maji, hata maji ya hori la Port Reitz na ya hori la Tudor yasikutane. Mwaka 2022 lilipofunguliwa daraja badala ya tuta, maji yakapata njia chini yake. Stenti ni kazi ya namna hiyo. Daktari hupitisha mpira mwembamba katika mshipa wa mkono au wa paja mpaka aufikie moyo, na katika ncha ya mpira huo pana kipira kidogo, na juu ya kipira pamevikwa wavu wa chuma uliokunjwa. Kipira hupulizwa, wavu ukafunguka na kuukandamiza uvimbe ukutani, kisha kipira hunywea na kutolewa. Wavu hubaki pale maisha. Mgonjwa huwa macho wakati wote, na wengi hurudi nyumbani siku ya pili au ya tatu. Stenti haimlii mtu kengele akipita penye mashine za ukaguzi, si pale uwanja wa ndege wala mahali pengine. Tumeulizwa swali hilo mara nyingi kuliko swali lolote jingine, basi na liishe hapo.

Sasa tazameni taabu yake. Damu ina tabia moja njema na tabia hiyo hiyo ndiyo hatari. Ikikutana na kitu kigeni, au na ukuta wa mshipa uliochubuka, chembe ndogo zinazoitwa chembe sahani hukimbilia pale, hushikana, na kufanya donge. Ukijikata na waya wa kufungia mzigo, hao ndio wanaokuponya. Lakini stenti mpya ni chuma kitupu katikati ya mkondo wa damu, na ukuta uliozunguka umepasuliwa na kipira. Chembe sahani hazijui kwamba chuma hiki kimewekwa na rafiki. Zikishikana juu yake, mshipa uliokuwa umefunguliwa huziba kabisa, na huziba kwa ghafula, katika dakika, si kwa miaka kama ule uvimbe wa mafuta. Nyama ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa.

Kwa bahati mwili una dawa yake. Polepole utando mwembamba huota juu ya nyuzi za chuma mpaka zikafunikwa, na damu haizioni tena. Jambo lote ni muda. Tangu siku ya kutiwa stenti mpaka siku ambayo utando umekwisha funika, mgonjwa yu katika hatari, na vidonge ndivyo vinavyolinda mlango. Madaktari wameugawa muda huo: saa 24 za kwanza, kisha mpaka siku ya 30, kisha mpaka mwaka mmoja, kisha baada ya mwaka. Siku 30 za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Lakini damu imepata kuganda hata baada ya miaka.

Ni vizuri mjue jinsi elimu hii ilivyopatikana, maana haikupatikana bure. Mwaka 1977, huko Zürich, daktari Andreas Grüntzig alikuwa wa kwanza kuufungua mshipa wa moyo wa mtu kwa kipira. Mishipa mingine ilifunguka na kujifunga tena. Mwaka 1986 Jacques Puel katika Toulouse na Ulrich Sigwart katika Lausanne wakaweka stenti za kwanza katika mioyo ya watu. Watu walishangilia. Lakini mwaka 1991 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 105 wa Ulaya waliotiwa stenti za kwanza hizo, na ikaonekana kwamba katika wagonjwa 25 stenti zilikuwa zimeziba kabisa, nyingi katika wiki mbili za mwanzo. Hesabu hiyo ni karibu mmoja katika kila wanne. Fikirini, ndugu, kama kreni moja katika kila nne ingeangusha mzigo, nani angepanda meli?

Madaktari walijaribu kuizuia damu kwa dawa kali za kuifanya iwe nyepesi, kama warfarini, wagonjwa wakalazwa siku nyingi, wakatokwa na damu, na stenti zikaziba vile vile. Kisha Antonio Colombo wa Milano akaonyesha mwaka 1995 kwamba stenti nyingi hazikuwa zimefunguliwa sawasawa. Zilikuwa zimelegea ndani ya mshipa, hazikugusa ukuta. Akazipuliza kwa nguvu zaidi akitazama kwa chombo kilichopitishwa ndani ya mshipa, na matokeo yakawa mema bila ya warfarini. Jambo hili fundi yeyote wa hapa alifahamu: bomba lililolegea katika kiungo chake halilaumiwi maji.

Mwaka 1996 Albert Schömig na wenzake wa Ujerumani wakaonyesha kwamba dawa mbili za kuzituliza chembe sahani, yaani aspirini pamoja na tiklopidini, zazidi kwa mbali zile dawa kali za zamani. Mwaka 1998 Marekani wakapima wagonjwa 1,653. Waliopewa aspirini peke yake, 3.6 katika mia walipata taabu ya damu kuganda. Waliopewa aspirini na warfarini, 2.7. Waliopewa aspirini na tiklopidini, nusu ya mmoja katika mia. Tangu siku hizo ndipo ilipokuwa kanuni ya dunia nzima kwamba mwenye stenti hunywa dawa mbili, si moja. Tiklopidini imekwisha achwa kwa ubaya wake mwingine. Badala yake mtaandikiwa klopidogreli, au tikagrela, au prasugreli, pamoja na aspirini ndogo.

Baadaye kikaja kitu kipya. Stenti za kwanza zilikuwa zikisumbuliwa na nyama inayoota ndani yake kupita kiasi, na wakatafuta njia ya kuizuia. Wakazipaka dawa. Mojawapo ya dawa hizo, sirolimusi, asili yake ni kijidudu cha udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, mbali katika bahari ya Pasifiki. Eduardo Sousa aliitumia stenti ya namna hiyo kwa mtu huko São Paulo mwaka 1999, na mwaka 2003 Marekani wakaipa ruhusa. Nyama ikaacha kuota. Lakini dawa ile ile inayozuia nyama huzuia pia utando ule wa kufunika chuma, kwa hiyo chuma kilikaa uchi muda mrefu zaidi. Mwaka 2004 likaandikwa katika jarida la madaktari la Lancet neno la wagonjwa wanne ambao stenti zao ziliziba baada ya siku zaidi ya 300, wakati kila mtu alidhani wamekwisha pona. Wote wanne walikuwa wameacha vidonge siku chache kabla.

Twawaomba msikilize hesabu mbili nyingine, na baada ya hizo hatutawachosha kwa hesabu.

Ya kwanza ilitoka mwaka 2005, Ujerumani na Italia. Wagonjwa 2,229 waliotiwa stenti zenye dawa walifuatwa kwa miezi tisa. Waliogandwa na damu walikuwa 29 tu. Lakini katika hao 29, watu 13 walikufa. Na katika kutafuta sababu, iliyoshinda zote ilikuwa kuacha vidonge kabla ya wakati.

Ya pili ni ya Marekani, mwaka 2006. Wagonjwa 500 waliopatwa na shambulio la moyo na kutiwa stenti zenye dawa. Baada ya mwezi mmoja tu, karibu mmoja katika kila saba alikuwa amekwisha acha kidonge cha pili. Katika miezi kumi na mmoja iliyofuata, wale walioacha walikufa 7.5 katika mia. Walioendelea walikufa 0.7 katika mia. Basi waliulizwa, ni nani hao walioacha? Wakaonekana ni wale wenye umri mkubwa, wale ambao hawakumaliza shule, wale wanaoogopa hospitali kwa sababu ya gharama, na wale ambao siku ya kutoka hospitalini hakuna aliyewaeleza vizuri juu ya dawa zao. Ndugu, huko ni Marekani, nchi ya fedha. Aliyesoma habari hiyo akiwa Changamwe hana haja ya kuelezwa zaidi.

Stenti za leo ni bora kuliko hizo. Nyuzi zake ni nyembamba, karibu na unene wa unywele, na hufunikwa mapema. Siku hizi anayegandwa na damu katika mwaka wa kwanza ni mmoja hivi katika mia, au chini ya hapo. Kwa hiyo yule mwenye stenti asiende nyumbani leo na hofu. Aende na kalenda. Desturi iliyo kubwa ni hii: aliyepata shambulio la moyo hunywa dawa mbili kwa muda wa miezi 12; aliyetiwa stenti bila ya shambulio, mara nyingi miezi 6; na aspirini huendelea baada ya hapo. Wako ambao daktari huwafupishia muda mpaka mwezi mmoja au mitatu kwa kuwa ni wepesi wa kutokwa na damu. Hiyo ni hesabu ya daktari, ameipima. Hesabu ya kuikata dawa kwa sababu mshahara umekwisha tarehe 18 haikupimwa na mtu.

Hapo ndipo tulipofika kwetu wenyewe. Tumezungumza na wenzetu wenye stenti, hapa Port Reitz na Miritini na Chaani, tukawauliza kwa siri ni nani aliyepata kuacha vidonge. Tukakuta sababu zenyewe si ujinga, kama wakubwa wengine wapendavyo kusema.

Mwenzetu mmoja, dereva wa trela la kuvuta makontena, aliandikiwa vidonge vya mwaka mzima. Miezi mitatu alivinunua. Mwezi wa nne ada za shule zilifika, akanunua nusu, akawa anakunywa siku moja na kuacha siku moja. Mwezi wa tano alijiona mzima kabisa, apanda ngazi bila ya kuhema, akasema aspirini yatosha. Haikupita wiki mbili, usiku akiwa zamu, kifua kikambana kama mara ya kwanza. Wenzake walimwahisha, na mshipa ukafunguliwa tena, naye yu hai. Lakini sehemu ya moyo wake imekufa, na mwajiri wake akaanza kumwambia kwamba mtu asiyeweza zamu ya usiku hana kazi. Tutarudi kwa neno hilo la mwajiri.

Huyo alishindwa na bei. Mwingine aling'olewa jino, na aliyemng'oa akamwambia aache dawa zote wiki moja kwanza. Ndugu, kung'oa jino hakuhitaji kuacha dawa hizi. Damu hukandamizwa mahali pake. Na ikiwa ni operesheni kubwa isiyo ya haraka, kama vile henia, hiyo yaweza kungoja mpaka muda wa vidonge viwili upite. Kama haiwezi kungoja, basi daktari wa operesheni azungumze na daktari wa moyo kabla ya kidonge kimoja kuachwa. Mwambie hivyo hata kama ana haraka.

Mwingine alisafiri kwenda mazishi bara kwa siku tatu, akakaa siku kumi na mbili, na vidonge vilikuwa vya siku tatu. Hili ni jepesi kulitibu: weka mfukoni karatasi yenye jina la dawa, jina lake hasa na si jina la kiwanda, upate kuinunua popote. Klopidogreli hutengenezwa na viwanda vingi tangu haki ya mwenye nayo wa kwanza ilipokwisha, na bei zake hazilingani kutoka duka hata duka. Tena nunua katika duka lenye leseni, si kwa mtu wa mkoba.

Na mwezi wa Ramadhani wenzetu wengine huacha vidonge vya mchana wakidhani hawana njia. Njia ipo. Aspirini na klopidogreli ni mara moja kwa siku. Waweza kuzinywa kwa futari au kwa daku, ila saa iwe ile ile kila siku. Tikagrela ni mara mbili, na hiyo yataka ushauri. Mwone daktari katika Shaaban, usingoje mwezi uandame. Na mgonjwa aliyeambiwa asifunge, dini imempa ruhusa.

Sasa neno juu ya dawa za mgongo, kwa kuwa hili ni letu sisi watu wa mizigo zaidi ya watu wote. Kila duka la dawa kutoka hapa mpaka Magongo huuza diklofenaki na aibuprofeni kama peremende. Mtu aliyeinua magunia au aliyekaa katika kiti cha kreni saa nane hazimtoki mfukoni. Kwa mwenye stenti dawa hizi zina ubaya wa pande mbili. Diklofenaki yenyewe huongeza hatari ya moyo, na aibuprofeni yaweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake. Tena zote, zikichanganyika na vile vidonge viwili, hulichubua tumbo mpaka likatoka damu, na mtu akiona choo cheusi kama lami hutishika na kuacha dawa zote pamoja, zile za moyo nazo. Ukiona choo cha namna hiyo nenda hospitali siku ile ile, lakini uende na vidonge vyako mkononi, usivitupe. Na ukipewa dawa ya vidonda vya tumbo, mkumbushe daktari kwamba wanywa klopidogreli, maana omeprazoli huipunguza nguvu, na zipo nyingine zisizo na taabu hiyo. Kwa maumivu ya mgongo, tumia parasetamoli kwa kipimo chake.

Sigara hatutaisemea sana. Mwenye stenti anayevuta ni kama mtu anayetoa maji chomboni huku mwenzake akitoboa. Juu ya miraa, tunajua kwamba madereva wa njia ya Nairobi hawatatupenda. Uchunguzi wa Yemen na wa nchi za Ghuba, mahali ambapo watu huitafuna sana, umeonyesha kwamba watafunaji hupatwa na shambulio la moyo zaidi, na wakipatwa hufa zaidi. Miraa huibana mishipa na kuukimbiza moyo. Mwenye chuma ndani ya mshipa asiifanyie mchezo.

Je, damu ikiganda mtu atajuaje? Atajua. Wengi husema ni maumivu yale yale ya siku ya kwanza: kifua kubanwa kama kimewekewa mzigo, maumivu kwenda mkono wa kushoto au taya au mgongoni, jasho baridi, kuhema, kichefuchefu. Kwa wanawake na wenye sukari yaweza kuwa ni kuhema na uchovu mkubwa tu. Mwenye stenti akipatwa na hayo kwa zaidi ya dakika chache asinywe soda akingoja gesi itoke. Asiendeshe gari mwenyewe. Atafune aspirini ya miligramu 300, isipokuwa kama imemkataza daktari, na apelekwe hospitali saa ile ile. Hapa kwetu ipo hospitali ya Port Reitz, na kisiwani ipo hospitali kuu ya Pwani. Mkifika mlangoni msiseme tu kwamba mtu anaumwa na kifua. Semeni: mtu huyu ana stenti, ilitiwa tarehe kadha, na dawa zake ni hizi. Maneno hayo humtoa mtu katika foleni. Kipimo cha umeme wa moyo chatakiwa kipigwe katika dakika kumi za kwanza. Tiba iliyo bora ni kuufungua mshipa tena kwa kipira, na kanuni ni kwamba kama hilo haliwezi kupatikana katika dakika 120, ipo sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, na mgonjwa ahamishwe. Nairobi iko karibu kilometa 480 kwa barabara. Mwaona wenyewe kwamba kupanga safari ya Nairobi kabla ya kupata tiba ya kwanza si shauri.

Hospitali inayotia stenti humpa mgonjwa kadi au barua yenye tarehe, aina ya stenti na ukubwa wake. Kadi hiyo wengi huiweka nyumbani kabatini pamoja na cheti cha ndoa. Mahali pake ni mfukoni mwako, pamoja na pasi ya kuingilia bandarini.

Tumefika kwa mwajiri na kwa sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 ina vifungu vitatu ambavyo kila mjumbe wetu avijue kwa kichwa. Kifungu cha 30 chasema kwamba aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya kuugua siku zisizopungua saba kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Siku kumi na nne kwa mtu aliyepasuka moyo ni kidogo mno, lakini sheria imesema zisizopungua, haikusema zisizozidi. Mapatano yetu na waajiri yaweza kuongeza, na huko ndiko tunakotaka kuelekea. Kifungu cha 34 kinamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi wake apata dawa za kutosha anapougua, isipokuwa kama matibabu yake yanatolewa bure na Serikali au yamo katika bima iliyowekwa kwa sheria. Waajiri hupenda kukimbilia hapo penye isipokuwa. Watatuambia: mnakatwa asilimia 2.75 ya mshahara tangu Oktoba 2024, NHIF ilipoondoka na SHA ikaingia, nendeni huko. Vema. Basi na tuulize SHA na mwajiri katika meza moja, kidonge cha mwezi wa saba hununuliwa na nani? Chuma kikiwekwa kwa fedha ya bima, kisha vidonge vya kukilinda vikaachwa juu ya mfuko wa mgonjwa, fedha ile ya kwanza imewekwa rehani. Kidonge cha klopidogreli kimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya la Dunia tangu mwaka 2015. Hatuombi anasa.

Na kifungu cha 41 ndicho cha yule dereva wetu. Mwajiri hawezi kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya udhaifu wa mwili mpaka kwanza amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazi au mjumbe wa Chama chumbani wakati wa kuelezwa, na maneno yao wote wawili yasikilizwe. Dereva yule aliitwa peke yake saa kumi na moja jioni, akapewa karatasi ya Kiingereza atie sahihi. Kwa bahati hakutia. Alisema miwani yake imebaki nyumbani, akaja kwetu. Shauri lake lingali likizungumzwa, na tunachotaka ni kazi ya mchana, ya kuhesabu makontena, ambayo aiweza sana.

Vibarua ndio walio mahali pabaya kuliko wote, kwa kuwa hulipwa kwa siku na siku ya kliniki ni siku bila ya chakula. Aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja sheria yampa haki zaidi ya kibarua katika kifungu cha 37, basi aje na hesabu ya siku zake, hata kama ameziandika ukutani.

Bwana Mwenyekiti, kabla ya maswali tuna ombi moja. Wenye stenti, au wenye ndugu nyumbani aliye nayo, watuletee Jumamosi majina ya dawa wanazokunywa, bei waliyonunua kila mwezi, duka, na mwezi walioshindwa kununua kama upo. Majina ya watu hatuyataki na hatutayaandika. Twataka bei hizo ziwe mezani siku tutakapokaa na waajiri. Anayeogopa kuleta mwenyewe amtume mtoto, na asiyejua kuandika aje na pakiti tupu za vidonge, tutasoma sisi.